Mke wa mtu, lakini bado mtoto

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Mwezi uliopita alikuja binti mwenye mtoto mgongoni, akitaka kusajili laini yake mwenyewe. Nilipomwomba kitambulisho cha taifa alinijibu taratibu, huku akimbembeleza mtoto, kwamba hajatimiza miaka 18, na kwamba laini anayoitumia ni ya mumewe. Nilimrudisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Katiba inampa haki ya kupiga kura akifikisha umri huohuo. Ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo ya ndoa, vinavyohusu umri huo na ridhaa hiyo, vinakinzana na Katiba, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha.

Huko California, Marekani, ndoa halali humtoa kijana chini ya mamlaka ya wazazi, na mwenye miaka 14 anayejitegemea anaweza kuiomba mahakama imtambue hivyo. Siutamani utaratibu huo, maana kwetu ungegeuzwa kisingizio cha kuozesha mapema. Ninachohoji ni sisi kumtwika binti mzigo wa mtu mzima na kumnyima hata laini ya simu.

Wakala, Tabora