Majibu ya mapafu yasitolewe bila msaada wa kuacha sigara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahaulika kila uchunguzi wa saratani ya mapafu unapotajwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha wavutaji na waliowahi kuvuta zaidi ya 53,000, ulibaini kwamba kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mapafu kwa undani) chenye mionzi midogo hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20 kikilinganishwa na picha ya kawaida ya kifua, na baadaye nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, zikaanza kuwaita wavutaji wa makamo wapimwe kabla ya kuona dalili.

Hofu yangu ni juu ya yule anayeambiwa kuwa mapafu yake hayana uvimbe. Mtu aliyevuta miaka mingi anaweza kuyapokea majibu hayo kama ruhusa ya kuendelea, ilhali kipimo hakizuii saratani ya mwakani wala hakimkingi na maradhi ya moyo. Kwa hiyo mhudumu amsajili katika huduma ya meseji za simu za kumsaidia kuacha sigara kabla hajaondoka, ili zimfikie saa ile anapoitamani sigara ya kwanza, naye aweze kujibu kwa neno moja anapozidiwa na hamu.

Katika jaribio la Uingereza la watu 5,800, lililochapishwa pia mwaka 2011, asilimia 10.7 ya waliotumiwa meseji za kuwasaidia walithibitika kwa vipimo kuwa hawavuti baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 4.9 ya wenzao waliopata meseji zisizohusu kuacha. Anayeibeza tofauti hiyo atuambie ni wangapi walioacha kwa kukemewa.

Hapa Tanzania CT haipatikani kirahisi, lakini kliniki za kifua kikuu hupiga picha za kifua za wavutaji wengi, na meseji husomeka hata kwenye kitochi kisicho na intaneti. Naiomba Wizara ya Afya ianzie huko, kwa meseji za Kiswahili zisizomgharimu mgonjwa, na zisizotaja sigara katika mstari wa kwanza, maana simu za wazee wetu hushikwa na wajukuu na wapo wanaovuta kwa kificho. Anayejibu kwamba ameshindwa apigiwe simu na muuguzi.

Msomaji wako,
Tanga