Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu: aliyekula tangazo ni mbuzi

Ngamiani, Tanga
Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa wetu,

YAH: TANGAZO LA KUONDOA BENCHI NA KUTAWANYIKA IFIKAPO SAA NNE USIKU

Shikamoo Mheshimiwa. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nilimalize hili la kuchana tangazo, maana nasikia limeshafika kwa mtendaji na kuna vijana wanatajwa. Tangazo lako la Jumatatu halikuchanwa na mtu. Lililiwa. Beberu wa shemeji yangu, yule mweupe mwenye baka jeusi shavuni, aliyeletwa kutoka Handeni kwa ajili ya Idi, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi. Kijana wako wa ofisini akaja akabandika karatasi ukutani, chini chini, usawa wa kiuno, tena kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa ikaiva. Mbuzi akaanza na gundi, akaendelea na muhuri. Mpaka muuza kahawa anapiga ukelele, kilichobaki ukutani ni "ifikapo saa nne usiku" na robo ya sahihi yako. Hakuna aliyekudharau, Mheshimiwa. Ni unga wenu tu ulikuwa mzuri.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe, tulilolisoma kabla halijaliwa. Umesema benchi letu linaziba njia, watu wanapiga kelele, na pale "hakuna la maana linalofanyika". La njia linapimika kwa futi. La kelele, hasa siku za mpira, sibishi. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Chukua wiki hii moja tu, kuanzia Jumapili iliyopita mpaka jana usiku, nikueleze yaliyopita juu ya ule ubao. Na ubao wenyewe, kwa kuwa hujawahi kuukalia, ulitoka kwenye jahazi lililovunjwa kule Sahare. Matundu ya misumari bado yapo, na ukikaa vibaya unatoka na alama yake kwenye kanzu. Mguu mmoja umekatika, umeegemezwa tofali. Huo ndio mnaotaka kuleta mgambo wauhamishe.

Jumapili ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya marudiano, Simba na RS Berkane ya Moroko, pale Amaan, Unguja. Mwenye duka akaigeuza luninga yake ikaangalia barabarani. Simba walikuwa wameshafungwa mbili bila kule Berkane, kwa hiyo walihitaji miujiza, na wana Yanga wote wa mtaani wakageuka Wamoroko kwa dakika tisini. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kuvuka Korogwe, alikuwa anatamka majina ya wachezaji wa Berkane vizuri kuliko mtangazaji. Mutale wa Simba akafunga mapema, mtaa ukalipuka, nadhani hiyo ndiyo kelele uliyoisikia. Kisha Kagoma akapewa kadi nyekundu. Kisha bao la Mukwala likakataliwa na VAR. Mjomba wangu, mwanachama wa Simba tangu hajaota ndevu, alisimama akaihutubia luninga kwa lugha ambayo siwezi kuiandika kwenye barua ya kiofisi. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha, moja moja, jumla tatu kwa moja, kombe likapanda ndege.

Mjomba alichukua kiti chake cha plastiki akaenda kukaa peke yake ukingoni mwa mtaro. Kahawa alikataa. Kashata alikataa. Alipoona wana Yanga wanacheka, akafufua mechi ya Machi 8, ile ya watani wa jadi iliyoahirishwa na siku hiyo ilikuwa bado haijachezwa, wakaanza upya: nani alikimbia, nani alizuiwa kufanya mazoezi, nani ana pointi za nani. Mpaka usiku mnene walikuwa hawajaafikiana, lakini walikuwa wanakunywa kahawa ya dele moja. Sasa niambie, hasira ile ingeingia nyumbani ikiwa mbichi, mke wa mjomba angelala wapi? Mimi binafsi sikuumia. Mimi ni wa Coastal Union. Ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988, na tunawasimulia watoto ambao baba zao siku hiyo walikuwa hawajatahiriwa.

Jumanne usiku ndipo lilipokuja jambo zito. Saudia walitangaza mwezi umeandama, kwa hiyo Arafa kwao ni Alhamisi ya tarehe 5 na Idi ni Ijumaa. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua mwezi wa Mfunguo Tatu unavyoweza kuigawa nyumba. Mke wangu anafuata Makka: mahujaji wakisimama Arafa, naye anafunga. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akiwa na kapu la dagaa na kuku wawili, yeye anafuata mwezi wa nchi, na kwake Idi ni Jumamosi. Piga hesabu mwenyewe. Ijumaa mwanawe atakuwa anapika pilau ya Idi, na yeye ndiyo kwanza amefunga Arafa, amekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwenye sufuria. Hapo katikati yupo beberu. Shemeji anataka achinjwe Ijumaa kwa sababu amechoka kumnunulia majani. Mama mkwe akasema mbuzi wa mwanawe hachinjwi siku ambayo yeye yumo kwenye saumu.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye benchi. Sikusema kitu, ila pale hakuna siri. Mwalimu wetu wa madrasa, mstaafu, akaniuliza mbona uso umekunjamana. Nikaeleza. Akamaliza kikombe taratibu, akasema kuchinja hakufungwi kwenye siku ya Idi peke yake, kunaendelea na siku za tashriki zinazofuata. Mchinjeni Jumamosi. Kwa mkeo itakuwa siku ya pili, kwa mama mkwe siku ya kwanza, na udhiya ni sahihi kwa wote wawili. Akaomba kikombe kingine. Ndugu Mwenyekiti, kesi hiyo ingekuja ofisini kwako ungeipangia tarehe. Ilibaki pilau ya Ijumaa tu, na hiyo imeamuliwa itapikwa uani kwa jirani, upepo ukiwa unakwenda baharini.

Jumatano umeme ulikatika, tukacheza dhumna kwa tochi ya simu. Hapana cha kuripoti.

Alhamisi ndiyo siku ningependa uisome mara mbili. Siku hiyo ilikuja habari ya Abidjan: Benki ya Maendeleo ya Afrika imempata rais mpya, Sidi Ould Tah wa Mauritania, wa kumpokea Akinwumi Adesina wa Nijeria. Raundi ya tatu, kura zaidi ya asilimia 76. Utauliza, kijiwe cha Ngamiani na Abidjan wapi na wapi? Benki hiyo ndiyo inayokopesha kwenye barabara yetu ya pwani, ya kutoka huku kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la mto Pangani la mita 525. Fundi baiskeli akauliza kama huyo Mmauritania anajua watu wa Bweni bado wanasubiri pantoni. Akaitwa mama mkwe atoe ushahidi. Akajibu akiwa mlangoni, mkono kiunoni, kwamba yeye daraja ataliamini siku kuku wake watakapovuka kwa miguu yao.

Alasiri ya siku hiyohiyo wakatokea wageni watatu, kanzu zimepigwa pasi, mmoja kashika bahasha kwa mikono miwili. Wakatoa salamu, wakaulizia nyumba ya kaka yangu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kilichomo ndani ya bahasha. Tatizo ni kwamba posa ilitarajiwa Ijumaa, na saa hiyo mke wa kaka alikuwa ametoa magodoro yote uani kuyaanika kwa sababu ya kunguni. Tandiko la bibi harusi mtarajiwa lilikuwa limesimamishwa ukutani, linamwagiwa maji ya moto.

Hapo ndipo benchi lilipofanya kazi yake. Wazee wakasogea, wageni wakakalishwa, kahawa ikamiminwa. "Karibuni wageni, mmetoka wapi? Muheza? Muheza ya wapi? Mtaa upi? Aa, basi fulani ni nani wenu?" Wakati huo mwanangu wa kiume alishapanda baiskeli, amekata kwa uchochoroni, amefika kwa kaka na taarifa. Sisi huku tukaagiza kashata. Kikombe cha tatu kilipoisha, tulikuwa tumeshajua kijana hana deni kwa fundi cherehani, hana mke Korogwe, na babu yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na babu wa mmoja wetu. Wageni walipoingia kwa kaka, magodoro yalikuwa ndani, ua umefagiwa, udi unafuka. Jibu watapewa baada ya Idi, kwa heshima. Uchunguzi wa namna ile, kwa bei ya kahawa ile, nchi hii hakuna ofisi inayoufanya.

Ijumaa baada ya sala tulizungumzia bomba la mafuta ghafi, kwa kuwa kijana mmoja wa Chongoleani alipita. Kutoka Hoima mpaka kwao ni kilomita 1,443, na mafuta ya Uganda ni mazito, yakipoa yanaganda, kwa hiyo yanapashwa moto njia nzima. Muuza chapati aliambiwa mbele ya watu kwamba mafuta yatavuka nchi mbili yakiwa ya moto, na chapati zake zinavuka barabara tu zimeshapoa. Amenuna mpaka leo.

Nimefika jana, Jumamosi, na hapa naomba utulie. Fainali ya klabu bingwa Ulaya, PSG na Inter, Munich. Filimbi ya kwanza ilipigwa saa nne kamili usiku kwa saa zetu. Saa nne ileile ya tangazo lako. Mgambo wako alifika kwa wakati, tochi mkononi, filimbi shingoni, akasema tutawanyike. Tukasema sawa. Akauliza ni nani na nani. Tukamwambia. Akasema anasubiri aone timu zinavyojipanga, ili awe na uhakika tumesikia amri. Dakika ya 12 Hakimi akafunga, hakushangilia kwa kuwa Inter ni timu yake ya zamani, na mgambo akatueleza kwa kirefu kwamba huo ndio utu uzima. Alieleza akiwa amekaa. Doué akafunga mawili. Yalipofika matano, PSG wamechukua kombe hilo kwa mara ya kwanza na hakuna fainali iliyowahi kuishia kwa tofauti ya mabao mengi kiasi hicho, mgambo alikuwa na kikombe mkononi, na filimbi yake ilikuwa imepulizwa mara tano. Simtaji, wala simchongei. Ni kijana mzuri, na nafasi yake kwenye ubao ipo.

Ombi langu basi. Benchi lisiondolewe, lisogezwe. Nimepima: likivushwa upande wa pili wa mtaro, chini ya mwarobaini, bajaji inapita na mkokoteni unapita. Saa nne tutaiheshimu siku za kawaida, redio tutaipunguza, na domo la mjomba tutajitahidi. Usiku wa fainali, wa mwezi kuandama na wa msiba utuachie. Tangazo jipya likiwa tayari, lipigiliwe kwa misumari, juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Beberu yupo hadi Jumamosi asubuhi.

Ukitaka kuja kupima mwenyewe, njoo jioni baada ya Magharibi. Kahawa juu yangu, kashata juu ya fundi baiskeli, japo yeye bado sijamwambia.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ngamiani, mwana Coastal

Nakala:
Mtendaji wa Mtaa
Muuza kahawa
Mama mkwe (asomewe)
Mgambo, kwa taarifa tu