Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari ya Baiskeli ya Bonde la Mosel

Ndugu wanachama,

Safari kuu ya chama mwaka huu ilikuwa ya bonde la mto Mosel, Ujerumani, kutoka Trier hadi Koblenz. Hesabu za fedha zimo kwenye taarifa ya mhazini, sitazirudia hapa. Yangu inahusu njia yenyewe, kwa kuwa mkutano mkuu unatakiwa kuamua mambo mawili: kama Mosel iwe safari yetu ya kudumu, na kama mwendo wa siku upandishwe hadi kilomita 70, kama baadhi yenu mlivyoandikia kamati. La kwanza kamati inaliunga mkono. La pili inalipinga, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni sababu za kulipinga.

Hoja ya waliopendekeza ni kwamba njia ni tambarare. Ni kweli. Kutoka Trier hadi Koblenz mto unashuka kama mita 70 tu, na huko kushuka hakuonekani kwa macho. Baada ya Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg kutia saini mkataba mwaka 1956, mto ulikatwa kwa mabwawa ili meli kubwa zipite, na njia hiyo ya meli ikafunguliwa mwaka 1964. Kati ya Trier na Koblenz kuna mabwawa kumi yenye malango ya meli: Trier, Detzem, Wintrich, Zeltingen, Enkirch, St. Aldegund, Fankel, Müden, Lehmen na Koblenz. Baina yao maji yametulia kama ziwa, na njia inafuata ukingo wake, sehemu kubwa ikiwa ya lami. Mlima pekee utakaoupanda ni ule unaojitafutia mwenyewe.

Lakini tambarare ina adhabu yake. Kwenye milima mwendesha baiskeli husimama kwenye pedali wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka hupumzisha miguu. Kwenye Mosel hakuna kimoja wala kingine: unakaa mkao ule ule, unakanyaga mfululizo, na uzito wote unabaki kwenye mifupa ile ile miwili ya makalio na viganja vile vile. Ndiyo maana malalamiko ya njia hii huwa ya makalio yaliyochubuka na vidole vidogo vilivyokufa ganzi, si ya magoti. Dawa yake si kiti laini zaidi. Kiti laini hukubana pale pasipotakiwa. Simama kwenye pedali kila baada ya robo saa hata kama huoni sababu, badilisha mshiko wa usukani, vaa bukta yenye pedi bila chupi ndani, na usivae kwa mara ya kwanza siku ya safari. Baada ya kilomita 45 hivi mtu bado ana hamu ya kutazama mji aliofikia. Akifika 70 anatafuta kitanda tu.

Kisha kuna mikunjo. Kwa mstari ulionyooka Trier na Koblenz zimeachana chini ya kilomita 100. Kwa mto ni kama 195. Mfano mzuri uko kati ya Ediger-Eller na Cochem. Treni inapita ndani ya mlima kwa handaki la mita 4,205, wakati baiskeli inazunguka na mto karibu kilomita 20 kufika upande wa pili. Upepo wa bonde hili kwa kawaida hutoka magharibi na kusini-magharibi, kwa hiyo kuanzia Trier kuelekea Koblenz ndiko kwenye faida, ila msitegemee kusukumwa siku nzima. Mto unageuka mara nyingi kiasi kwamba asubuhi moja upepo unakupiga mgongoni, ubavuni na usoni, na anayejaribu kushika mwendo wa saa kwa saa huchoka kabla ya wenzake.

Mgawanyo ambao kamati inapendekeza uendelee ni wa siku tano, umbali wote ukiwa wa takriban: Trier hadi Neumagen-Dhron kilomita 40, hadi Traben-Trarbach 47, hadi Ediger-Eller 36, hadi Treis-Karden 30, na hadi Koblenz 40. Siku ya nne ni fupi kwa makusudi. Asubuhi iko Beilstein, unakovuka mto kwa kivuko kidogo kinachobeba baiskeli, na mchana uko Cochem na ngome yake. Anayetaka kilomita zaidi siku hiyo azitafute mwenyewe.

Pale treni isipofika

Jambo lililotusumbua katika kupanga, na ambalo wengi hawalioni kwenye ramani, ni kwamba reli ya Trier–Koblenz haifuati mto wakati wote. Baada ya Schweich inauacha kabisa na kuurudia karibu na Bullay. Kutoka Bullay kuna tawi fupi linaloishia Traben-Trarbach. Maana yake ni kwamba kuanzia Schweich hadi Traben-Trarbach, yaani karibu siku zetu mbili za kwanza zote, hakuna kituo cha treni kando ya njia. Baiskeli ikivunjika kibadilisha giya pale Piesport, huwezi kuiburuta hadi kituoni.

Njia za kujinasua ni mbili. Katika msimu kuna basi la bonde kati ya Trier na Bullay linalobeba baiskeli, lakini nafasi ni chache na kikundi lazima kiweke nafasi mapema. Ya pili ni kutoka Bernkastel-Kues kufuata Maare-Mosel-Radweg, njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani kwenda Daun, ambayo inapita karibu na kituo cha treni cha Wittlich. Baada ya Bullay mambo ni rahisi. Katika jimbo la Rheinland-Pfalz baiskeli husafirishwa bure kwenye treni za mikoa kuanzia saa tatu asubuhi siku za kazi, na siku nzima Jumamosi na Jumapili, mradi nafasi ipo. Hilo la nafasi ndilo tatizo: Jumapili jioni kwenye jua, mabehewa hujaa kuanzia Cochem. Gaweni kikundi, watu wanne kwa treni moja. Wenye baiskeli za umeme wavue betri kabla ya kuinua.

Kuhusu hizo za umeme: zinazosaidia hadi kilomita 25 kwa saa zinahesabiwa kama baiskeli za kawaida. Zile za kilomita 45 kwa saa hazitakiwi kwenye njia za baiskeli, na chama hakitazipokea kwenye safari hii.

Pancha na bolti

Milima ya Mosel ni ya mawe ya sleti, yale yanayopasuka kuwa vipande bapa vyembamba. Mvua inayashusha kutoka kwenye mizabibu hadi njiani, na raba iliyolowa hukatika kirahisi kuliko kavu. Kwa hiyo pancha huja asubuhi baada ya mvua ya usiku. Wengi hubadilisha tyubu, hujaza upepo na kuondoka, halafu husimama tena mbele kidogo, kwa sababu kipande cha sleti kimebaki ndani ya tairi.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kutoa tyubu, weka alama kwenye tairi pale valvu ilipo. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa kuipitisha karibu na mdomo. Kisha ilaze tyubu juu ya tairi, valvu kwenye alama: tundu litakuonyesha eneo la tairi la kukagua. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ya jiwe na kidole kitapona. Kipande huwa cheusi, hakizidi punje ya mchele, na kimelala ndani ya mpasuko kiasi kwamba kwa nje huoni kitu. Kikunje tairi mpasuko ufunguke, kichokoe kwa ncha ya kisu. Sugua tyubu kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri hadi isinate tena ukiigusa (kama dakika tano), ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza. Wanaobandika solusheni ikiwa mbichi ndio wanaotengeneza mara mbili. Tairi za upana wa milimita 37 hadi 42 zenye tabaka la kinga ndizo zinazofaa. Zile nyembamba za mashindano ziacheni nyumbani.

Karia, ile rafu ya mizigo ya nyuma, nayo inahitaji jicho. Mitikisiko ya mawe ya barabara za miji ya zamani hulegeza bolti zake za milimita 5, na bolti ikidondoka upande mmoja, karia yenye mzigo huvunja ya upande wa pili. Zikazeni kila asubuhi, na kila mmoja awe na bolti mbili za akiba na vibano vya plastiki. Mzigo usizidi kilo 12, uwe nusu kwa nusu pande zote mbili.

Mvinyo na sheria

Hapa ni nchi ya Riesling, zabibu nyeupe ya mvinyo. Mteremko wa Calmont pale Bremm, wenye nyuzi kama 65, ndio unaotajwa kuwa shamba la mizabibu lenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Sleti inameza joto la jua mchana na kulitoa usiku. Zabibu zinalihitaji, mwendesha baiskeli wa Julai saa tisa alasiri halihitaji, na kivuli ni haba. Bebeni lita moja na nusu ya maji. Bomba lenye kibao cha »Kein Trinkwasser« si la kunywa.

Pa kuonjea panapofaa zaidi ni Straußwirtschaft, baa ya msimu ya mkulima mwenyewe. Sheria inamruhusu kuifungua miezi minne tu kwa mwaka, viti visizidi 40, akiuza mvinyo wa shamba lake na chakula chepesi. Utaitambua kwa fagio au shada lililotundikwa mlangoni. Kabinett, daraja la mvinyo mwepesi, ikiwa na utamu mara nyingi ina alkoholi ya asilimia 8 hadi 10, na mvinyo mkavu hufika 12. Utamu unaficha, na jua linaongeza. Mchana agizeni Weinschorle, mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi.

Sheria ya Ujerumani inamhusu mwendesha baiskeli pia. Kufikia promili 1.6, yaani gramu 1.6 za alkoholi kwa kilo ya damu, ni kosa la jinai hata ukiwa umenyooka kama rula, kuanzia 0.3 unaweza kushtakiwa ukiyumba au ukisababisha ajali. Kesi inaweza kugusa hata leseni ya gari. Kamati haitamtetea mtu katika hili. Onjeni baada ya kufunga baiskeli bandani.

Chupa moja iliyojaa ina zaidi ya kilo moja. Anayenunua sita na kuzitia kwenye mifuko ya karia anaharibu usukani na mvinyo. Wakulima wengi hutuma sanduku. Ulizeni gharama na ushuru kabla ya kulipa, hasa likienda nje ya Ujerumani.

Msimu na malazi

Kamati inapendekeza mwisho wa Mei au Juni. Majira ya baridi na mwanzo wa masika mto hufurika na kuifunika njia. Mafuriko ya Desemba 1993 bado yamewekewa alama kwenye kuta za miji mingi, nyingine juu ya kichwa cha mtu mzima. Maji yakishuka huacha tope linaloteleza, hivyo someni vipimo vya mto kabla ya kuondoka. Septemba na Oktoba ni uzuri mtupu, lakini ni mavuno: matrekta yana haki ya njia za mashambani na hayana nafasi ya kukupisha. Wikiendi ya kwanza ya Septemba kuna tamasha la mvinyo Bernkastel-Kues, na vitanda huisha. Kiangazi mizabibu ya miteremko mikali hupigwa dawa kwa helikopta asubuhi na mapema. Mkiisikia, simameni mbali hadi imalize.

Nyumba nyingi za wageni hazipendi kupokea mtu wa usiku mmoja. Moja ilitukatalia kikundi kizima kwa sababu hiyo, ingawa tulikuwa tumeandikiana. Tangu sasa katibu aanze na zenye alama ya Bett+Bike ya ADFC, chama cha waendesha baiskeli cha Ujerumani, ambazo zimekubali wageni wa usiku mmoja na zina banda la kufungia baiskeli. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, na maduka ya mikate hufungua saa chache asubuhi. Nunueni Jumamosi.

Yanayoletwa mbele ya mkutano

Kwanza, Mosel iwe safari ya kudumu, Trier hadi Koblenz, siku tano, kwa mgawanyo uliotajwa. Pili, pendekezo la kilomita 70 likataliwe. Tatu, vikundi visizidi watu wanane. Sheria inawaruhusu zaidi ya 15 kuunda msafara na kwenda wawili wawili barabarani, lakini njia ya Mosel ina watoto, mbwa na wazee wanaotembea, na penye alama ya njia ya pamoja baiskeli ndiyo inayopunguza mwendo. Nne, kila kikundi kiwe na fundi mmoja mwenye pampu, tyubu mbili, viraka, kiungo cha akiba cha mnyororo na kishikizo cha kibadilisha giya kinacholingana na baiskeli za kikundi chake, kwani hicho cha mwisho hakipatikani kirahisi katika vijiji vya bondeni. Orodha ya aina za baiskeli itumwe kwa katibu mwezi mmoja kabla ya safari.

Mwenyekiti