Ule mstari wa fstab mliompa msomaji haujakamilika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kimenikaa rohoni tangu nisome safu yenu ya kompyuta, pale mlipomjibu msomaji aliyechoka kubofya diski yake ya pili ili ipachikwe, yaani iunganishwe na folda ya kuifungulia, kila akiwasha mashine ya Linux. Mlimwambia afungue faili la /etc/fstab, lile lenye orodha ya diski za kupachikwa, aongeze mstari unaoanza na /dev/sdb1, mbele aandike defaults, asevu, azime awashe. Ni kweli itafanya kazi, kwa leo. Mi kazi yangu ni kuangalia seva za watu na mstari wa namna hiyo umeshaniamsha usiku zaidi ya mara moja, ndo maana nimeona nisinyamaze.

Kwanza hilo jina sdb1. Hilo sio jina la diski, ni kama namba ya foleni tu, keneli, ile programu ya kiini cha Linux, inagawa majina kadiri inavyozikuta diski wakati mashine inawaka, kwa hiyo diski iliyokuwa sdb leo, kesho ukiwasha mashine na fleshi imechomekwa unaikuta imekuwa sdc na sdb ni hiyo fleshi. Jina la kudumu ni UUID, ile namba ndefu inayoandikwa ndani ya diski yenyewe wakati wa kuiformati, piga lsblk -f utaiona, ikopi uibandike kwenye mstari ukianza na UUID= basi. Ila ujue ukiiformati upya inabadilika, na ukiikopi diski nzima kwa amri ya dd kwenda diski nyingine zote mbili zinabaki na UUID moja, usiziache pamoja kwenye mashine halafu ushangae imepachikwa ipi.

Pili ni hiyo defaults peke yake, na hapa ndo wengi wanaumia. Ndani ya neno defaults kuna auto, maana yake hii diski lazima ipachikwe wakati wa kuwaka, na mashine zinazotumia systemd, programu inayosimamia kuwaka kwa mashine na huduma zake, zinalichukulia hilo kwa uzito, diski isipoonekana inasubiriwa sekunde 90 nzima, ikikosekana mashine haikupeleki kwenye skrini yako ya kawaida, inakutupa kwenye hali ya dharura, maandishi meupe kwenye giza yanakudai paswedi ya ruti, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Sasa kuna matoleo mengi ya Linux ambayo akaunti ya ruti imefungwa toka mwanzo, hapo hata huo mlango wa dharura haufunguki, inabidi utafute mashine nyingine utengeneze fleshi ya kuwashia. Yote hiyo kwa sababu ya diski ya pili tu! Msomaji wenu akichomoa ile diski siku moja ampelekee mtu, akirudi mashine haiwaki, na hatajua kabisa kwamba sababu ni mstari alioandika miezi sita nyuma.

Mafundi wengi wakifika hapo wanasema weka nofail, yaani diski isipokuwepo endelea tu. Ni ushauri mzuri na mi mwenyewe nimeutoa kwa watu miaka mingi. Lakini nataka niwaeleze nofail ilinifanyia nini, maana hii ndo sababu hasa ya barua hii.

Kuna ofisi ndogo nilikuwa naihudumia, seva moja, diski ya nje ya bakapu inapachikwa kwenye /mnt/bakapu, na skripti ya rsync, programu ya kukopi mafaili, inakimbia kila usiku saa nane. Fstab niliiandika mwenyewe, UUID ipo, nofail ipo. Siku moja seva ikazimwa kusafisha vumbi, ikawashwa, kumbe waya wa ile diski haukukaa sawasawa. Nofail ikafanya kazi yake, mashine ikawaka vizuri bila neno. Usiku skripti ikaingia /mnt/bakapu, na hiyo folda ipo siku zote, iwe diski imepachikwa au haijapachikwa, ni folda ya kawaida tu ndani ya diski kuu, kwa hiyo rsync ikaikuta tupu ikaanza kujaza, ikamaliza, ikaripoti salama. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mi kila asubuhi naangalia ripoti, iko safi.

Halafu diski kuu ikafa. Nikawaambia wasihofu bakapu ipo. Nikaichomoa ile diski ya nje nikaipeleka kwenye laptopu yangu, nikapiga ls -lt, folda ya juu kabisa ni ya tarehe 9. Siku hiyo ilikuwa tarehe 27. Nikapiga tena nikidhani macho yangu ndo yana shida. Kazi ya siku 18 ya wale watu, ankara, barua, hesabu, yote ilikuwa imehifadhiwa ndani ya diski ileile iliyokufa. Yule dada wa hesabu alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri nimwambie kitu, na sikuwa na cha kumwambia. Mpaka leo nikiona mtu anafundisha fstab kwa mstari mmoja halafu anasema umemaliza, namkumbuka.

Kwa hiyo Mhariri, ninachotaka wasomaji wajue ni kwamba diski kujipachika yenyewe sio lazima maana yake ipachikwe wakati wa kuwaka. Kuna njia ya pili, ipachikwe pale inapohitajika, na kwa diski ambayo saa ingine ipo saa ingine haipo, au ya kwenye mtandao, hiyo ndo njia salama. Mstari wenyewe unakuwa hivi (ext4 ni aina ya formati ya diski):

UUID=namba-yako /mnt/bakapu ext4 nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=10,x-systemd.idle-timeout=300 0 2

Ukiandika hivyo systemd haigusi diski wakati wa kuwaka, inachofanya ni kumweka bawabu kwenye ile folda. Mtu au programu ikigusa kilichomo ndani, bawabu anaisimamisha hapohapo, anapachika diski, ndipo anairuhusu ipite, we unaona tu kama imechelewa kidogo. Zikipita sekunde 300 hakuna anayeitumia, anaipachua. Hiyo idle-timeout usipoiandika haipachuliwi, inakaa tu. Na lililo kubwa kuliko yote, diski isipokuwepo anasubiri hizo sekunde 10 halafu anarudisha kosa kwamba kifaa hakipo. Hakuna folda tupu ya kujazwa kimyakimya, rsync inafeli, ripoti inakuja nyekundu, unajua asubuhi ileile badala ya kujua siku ya 18. Ningekuwa nimeandika hivi ule usiku wa kwanza ningeamka nikakaza waya.

Ukishabadilisha faili usikimbilie kuzima na kuwasha, hilo nalo kwenye jibu lenu lilinisikitisha. Piga kwanza findmnt --verify ikukague mstari wako, maana hata nafasi moja baada ya koma kwenye zile opsheni inaharibu mstari mzima kwa kuwa nafasi ndo inayotenganisha safu na safu, na kama jina la folda lenyewe lina nafasi inabidi uandike \040 mahali pake. Kisha systemctl daemon-reload, kisha systemctl start mnt-bakapu.automount, halafu ls /mnt/bakapu uone. Kwa mstari wa kawaida usio na bawabu mount -a inatosha. Kosa likijitokeza hapo mashine bado iko hai na unalirekebisha umekaa.

Mtego mmoja ambao hata mafundi wazoefu unawanasa. Wengi tunaweka kwenye skripti mstari wa mountpoint -q ili kuhakiki diski ipo kabla ya kuandika, na kwa fstab ya kawaida ni sawa kabisa, wekeni. Lakini ukishakuwa na bawabu, yule bawabu mwenyewe anahesabika kuwa ni maunti, yaani kitu kilichopachikwa, kwa hiyo amri hiyo inaweza kukujibu ndiyo wakati diski iko kabatini. Mi siku hizi naweka faili dogo ndani ya diski yenyewe, nimeliita hii-ndio-bakapu, na skripti inaanza kwa kulitafuta, isipolikuta inaacha kazi na kunitumia ujumbe. Na kwa wale ambao mashine zao hazina systemd, pachua diski, ifungie ile folda tupu kwa chattr +i kama diski kuu ni ext4, hapo hata ruti akijaribu kuandika ndani yake anakataliwa, na ukipachika diski juu yake inafanya kazi kama kawaida.

Bawabu huyu pia sio kitu cha systemd peke yake. Kwenye Linux kuna autofs, ya siku nyingi, unaandika kwenye /etc/auto.master folda mama na faili la ramani, na ule mtindo wa ramani ulitoka Sun Microsystems, ndo maana kwenye macOS na FreeBSD utakuta /etc/auto_master inayofanana nayo, FreeBSD waliipata ya kwao kwenye toleo la 10.1 mwaka 2014. Pale penye watumiaji wengi na folda zao ziko kwenye seva ya NFS, yaani ya kugawana mafaili kwa mtandao, mstari mmoja wenye nyota na alama ya & unatosha watu mia. Ila waambieni watumiaji mapema, maana ukipiga ls kwenye folda mama unaona patupu mpaka uingie kwa kutaja jina, na nimepokea simu za watu wanalia wakidhani mafaili yao yamefutwa, kumbe hayajaitwa tu. Na diski ikigoma kujipachua mara nyingi kuna teminali mtu ameiacha wazi humohumo ndani, fuser -vm itakuonyesha ni nani.

Mwisho naomba kwa heshima zote, toleo lijalo mchapishe nyongeza ya lile jibu, na kama nafasi ni ndogo basi chapisheni hii tu kwa ajili ya walioshauandika ule mstari na mashine imegoma: kwenye hali ya dharura piga mount -o remount,rw / kwanza maana diski kuu inaweza kuwa ya kusoma tu, fungua /etc/fstab kwa nano, weka alama ya # mwanzoni mwa ule mstari, sevu, washa upya. Mashine itarudi na hakuna faili litakalopotea.

Ni mimi msomaji wenu, msimamizi wa seva.