Kuhusu Mama na safari ya Jumanne

Assalaam aleikum ndugu zangu. Voisi zenu zote za jana nimezisikiliza. Kaka anasema huku kusahau kwa Mama ni uzee tu, Shangazi anasema asomewe. Shangazi, kisomo hakijakatazwa, Ijumaa tutasoma. Lakini Jumanne Mama anakwenda Muhimbili kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Mnaoongea naye dakika tano kwenye simu mnamwona mzima, maana salamu na dua hazijamtoka. Mimi ninayelala naye, juzi nimemkuta katia mkaa ndani ya sufuria, akanikataza nisifunue, eti wali haujakauka. Huyu ndiye aliyepika harusi za mtaa mzima.

Kwenda si kusema tayari ana demensia, yaani maradhi ya ubongo ya kupoteza kumbukumbu. Wataangalia damu kwanza: sukari, tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12. Hayo nayo huvuruga kumbukumbu, na yana tiba. Ataulizwa tarehe, pengine ataambiwa achore saa. Anayetusindikiza asimjibie, hata akikwama.

Dawa zake zote ziwekwe mfuko mmoja: za presha, na vile vidonge vya usingizi vya duka la dawa (aliyenunua simuulizi). Mdogo wangu wa Muscat, niandikie ulianza lini kuona anarudia maswali. Andika, usitume voisi. Teksi nalipa mimi. Wakitaka kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, tutachanga.

Na jamani, ubishi uishie humu. Mbele yake anasikia. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi.