Annette Kellerman hakuwa nguo ya kuogelea tu

Mhariri,

Kurasa za burudani zikimgusa Annette Kellerman, mwogeleaji na mwigizaji wa filamu bubu, habari huwa ni ile ile: binti wa Australia aliyekamatwa mwaka 1907 katika ufukwe wa Revere, karibu na Boston, kwa kuvaa nguo ya kuogelea iliyombana mwili. Kisa hicho kinahitaji tahadhari. Waliopekua magazeti ya Boston ya wakati ule hawakukikuta. Tunachosimuliwa leo kilitoka kinywani mwake mwenyewe, miaka mingi baadaye. Kikichapishwa, basi mwandishi aongeze maneno matatu: "kama alivyosimulia mwenyewe".

Asili ya nguo hiyo ni London, si Boston. Alialikwa kuogelea mbele ya watu wa ukoo wa kifalme, akaambiwa ni mwiko kuonyesha miguu mitupu. Akachukua nguo ya kuogelea ya wavulana, ya kipande kimoja, akaishonea soksi ndefu nyeusi. Wanawake wa enzi hizo waliingia majini na sketi, soksi na wakati mwingine viatu, na kitambaa mara nyingi kilikuwa sufu. Sufu hunywa maji ikawa nzito, na sketi huzingira magoti kila mguu unapopiga. Ukivaa hivyo utaoga, lakini kuogelea kwa mwendo huwezi. Kwake ile nguo ilikuwa kifaa cha kazi, kama kiatu cha mkimbiaji.

Alizaliwa Marrickville, Sydney, tarehe 6 Julai 1886. Miguu yake ilikuwa dhaifu, akafungwa vyuma akiwa mdogo, na kuogelea kulianza kama tiba. Mwaka 1902 alikuwa tayari bingwa wa wanawake wa jimbo la New South Wales. Huko Melbourne alifanya maonyesho ndani ya tangi la kioo, akiogelea pamoja na samaki. Mwaka 1905 alijaribu kuvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na hakufika ng'ambo. Alirudia, mara tatu kwa jumla. Makala zinazosema alivuka zinakosea.

Kazi ya filamu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo kubwa. Alianza na filamu fupi mwaka 1909, wakati sinema bado ni bubu. Mwaka 1914 ikatoka Neptune's Daughter, iliyopigwa Bermuda chini ya mwongozaji Herbert Brenon. Picha za chini ya maji zilihitaji tangi la kioo, kamera ikae nje. Sasa fikiria uzito: maji ya kina cha mita 2 hukandamiza kila mita moja ya mraba ya chini ya ukuta kwa karibu tani 2. Kioo kikiwa na ufa mdogo tu pembeni, au fremu ikipinda kidogo, hakitoi onyo. Tangi lilipasuka, na Kellerman na Brenon wote wawili wakajeruhiwa na vioo. 

Kisha A Daughter of the Gods, 1916, iliyopigwa Jamaika. Kampuni ya Fox iliitangaza kuwa filamu ya dola milioni moja. Wengi huitaja kwa sababu Kellerman alionekana humo bila nguo. Mimi ningependa zaidi tutaje mbizi, maana hakuwa na mtu wa kumbadili kwenye hatari. Mbizi moja inatajwa kuwa ya futi 92, yaani mita 28. Anayeruka kutoka hapo hugonga maji kwa mwendo wa takriban kilomita 84 kwa saa. Kwa mwendo huo maji hayafunguki upesi. Mwili ukiinama nyuzi chache tu, mgongo au kifua hupokea kishindo chote. Mikono lazima ifungwe mbele ya kichwa ipasue njia, na shingo isilegee.

Ukitaka kujua kosa dogo hugharimu nini, tazama yaliyompata Esther Williams alipoigiza maisha ya Kellerman katika Million Dollar Mermaid ya mwaka 1952. Alivishwa taji la metali, akapiga mbizi. Taji liligonga maji likasukuma kichwa nyuma, pingili za shingo zikavunjika, na akakaa kwenye plasta kwa miezi.

Kwa nini basi tunajua nguo na hatujui filamu? Kwa sababu filamu hazipo. Mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya naitreti, aina ya plastiki inayoshika moto upesi. Naitreti huoza hata ikiachwa kabatini: picha hufifia, mkanda hunata kama utomvu, hutoa povu, mwishowe hubaki vumbi la kahawia. Ikioza huachia joto, na ikishika moto maji hayauzimi, kwa kuwa hujitengenezea oksijeni yenyewe. Tarehe 9 Julai 1937, katika wimbi la joto, ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka na hazina yao ya filamu bubu ikateketea. A Daughter of the Gods haijapatikana hadi leo. Ile ya 1914 imebaki vipande.

Iliyobaki nzima ni Venus of the South Seas ya mwaka 1924, iliyopigwa Nelson, New Zealand. Ni ya dakika 55 hivi, na sehemu yake ya mwisho ina rangi. Humo ndimo msomaji atamwona Kellerman akifanya kazi yake: pumzi ndefu, miguu imeungana kama mkia wa nguva, na uso uliotulia kana kwamba maji si kitu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, Mhariri. Mkimwandika tena, kila jina la filamu lifuatwe na hali yake: ipo, vipande, au imepotea. Na picha ya kuambatanisha itoke kwenye ile ya Nelson.

Mpenzi wa filamu bubu,
Tanga