Barua kwa wanangu mnaosubiri mkeka

Wanangu,

Juzi niliamka saa nane usiku kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba cha mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimkuta ndani ya chandarua, simu mkononi, anafungua akaunti yake ya maombi ya ajira, anaifunga, anaifungua tena. Hakuna mkeka, ile orodha ya majina ya waliopata kazi, unaotoka saa nane usiku, na yeye anajua. Nilipomuuliza anatafuta nini, akanijibu bila kuinua macho: "Mama, mimi najua sijapita. Sina bahati na kitu chochote."

Nilirudi kitandani lakini usingizi haukuja. Nikawafikiria ninyi nyote mliopiga usaili na sasa mnasubiri, kila mmoja na simu yake ndani ya chandarua chake.

Kwamba subira yavuta heri mmeshaambiwa mpaka masikio yamechoka. Na wala sitawaambia "utapata tu", kwa sababu sijui kama mtapata. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakawa 135,027. Gawanyeni wenyewe: ni watu kama 85 kwa kiti kimoja. Na wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2014, vijana zaidi ya 10,000 walivyojaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Hesabu hizi nazileta kwa sababu mnapokaa peke yenu usiku mnazisahau. Mnajiona kama mlikuwa wawili mlangoni, mwenzako akaingia na wewe ukafukuzwa. Katika msururu ule walikuwepo watu hodari waliokosa, tena wengi, kwa sababu viti viliisha.

Nimewahi kusahihisha mitihani ya kidato cha nne. Karatasi inakuja mbele yako ina namba, haina jina. Hujui huyu ni nani, alikula nini asubuhi, ana mama mgonjwa au hana. Unaona jibu la swali la saba, unatia alama, unasogeza nyingine. Hakuna hata siku moja niliyosahihisha mtu. Nilisahihisha karatasi. Mkilishika hilo litawafaa siku mkeka ukitoka na jina lako halimo. Hata waliopita usaili si wote wanaopangiwa vituo. Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali inayoendesha usaili, huwahifadhi kwenye kanzidata wale waliofaulu ambao nafasi hazikuwatosha, ikisubiri kibali kingine cha kuajiri. Mtu wa namna hiyo anapita mtaani anajiita "nimefeli", na kumbe amefaulu.

Nawaambia haya kwa kuwa nami yalinikuta. Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaomba nafasi ya kwenda masomoni. Majibu yalikuwa yanakuja kwa barua, kwenye sanduku la posta la shule, na barua zililetwa kila Ijumaa. Miezi minne nilizihesabu Ijumaa. Kila ilipopita bila barua, moyoni nilijiambia neno moja: hufai. Nikaanza kuona mkuu wa shule ananitazama vibaya. Nikaacha kukaa na wenzangu wakati wa chai.

Ijumaa moja, nikiwa na hasira hizo, nilisahihisha madaftari ya darasa la sita. Kulikuwa na binti mmoja aliyekosa kujumlisha sehemu. Nikachukua kalamu nyekundu nikamwandikia: "Hufai hesabu." Jumatatu alileta daftari. Alikuwa amelifuta lile neno kwa kifutio na mate mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni ya tundu alikuwa ameandika upya swali lile lile, akalikosa vile vile.

Nililitazama lile tundu kwa muda mrefu. Ndipo nilipoiangalia kazi yenyewe kwa mara ya kwanza. Asili, ile namba ya chini, alikuwa ameipata sawasawa, 12. Alichosahau ni kubadilisha kiasi, ile namba ya juu. Nikamwita mezani, nikamwomba radhi, nikaandika chini yake: "Asili umepata. Rudia kiasi." Alirudia, akapata kabla kengele haijalia.

"Hufai" lilikuwa neno langu mwenyewe nililokuwa nikijiambia, nikamtwika mtoto wa watu. Na lilikuwa neno la uvivu. Halikumwonyesha pa kushika. Jioni ile nilijiuliza kuhusu ombi langu: ni nini hasa ninachokijua? Nilichokijua ni kwamba barua haijafika. Basi. Kila nilichoongeza juu yake nilikitunga mwenyewe. Nafasi niliipata mwaka 1994, ombi la tatu. Barua ya kwanza ilikuwa ya kukataliwa, na iliniuma sana, msidhani nilikuwa jiwe. Lakini niliisoma kama barua.

Kuna jambo jingine linanitia hofu zaidi. Mtu akishajiambia "sina bahati, bila mtu wa kunishika mkono sipati", anakuwa rahisi kuibiwa. Tapeli anapiga simu, anakuita kwa jina lako kamili, anasema mkeka bado haujafungwa, tuma laki tatu leo. Nimemwona mama mmoja akiuza mbuzi wake wawili kwa simu kama hiyo. Mwanawe hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameshaamini kuwa kwa sifa zake hawezi kupata kitu. Tafadhalini sana wanangu, siku mnayojisikia hivyo ndiyo siku ya kutotuma hela popote.

Nirudi kwa huyu wangu. Usiku wa pili nilimkuta tena macho. Sikumnyang'anya simu. Nilimpa karatasi nikamwambia andika lile neno linalokukesha, kama lilivyo. Akaandika: "Mimi ni mzigo katika nyumba hii." Nilipolisoma nilishikwa na machozi, lakini sikumwambia "usiseme hivyo". Nilimuuliza: jana nani aliteka maji? Nani alinipeleka kliniki ya macho akanisubiri mpaka saa nane mchana? Nani anamfundisha mtoto wa jirani Kiingereza? Akanyamaza. Nikamwambia, kama neno hili si kweli, andika lililo kweli, hata kama ni chungu.

Alikaa nalo sana. Mwisho akalikata kwa mstari mmoja, akaandika: "Nina miezi mitano sina kipato, na naona aibu kuomba nauli."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa chungu kuliko la kwanza. Lakini tuliweza kulizungumza. Tulipanga kiasi kidogo cha nauli kila wiki, kinawekwa juu ya kabati, anachukua bila kuniomba. Akamtaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetafuta mtu wa kumwekea hesabu za mauzo.

Asubuhi alitoka mapema kwenda kumwona. Simu aliiacha mezani, inachajiwa.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu, Morogoro